Nani Anakula Umeme wa Kiwanja?

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Maombi aliwasha redio. Aliiweka dirishani, akaipangusa vumbi kama mama anayempangusa mtoto makamasi, kisha akaiacha iseme mpaka jioni. Ilisoma habari, iliimba rumba, ilitangaza vifo na harusi, lakini Maombi alingoja jambo moja tu. Tangu Pasaka ya mwaka 2001, vita vilikuwa vimefunga barabara ya Bunyakiri, na baba yake, muuguzi wa huko, alikuwa amekwama ng'ambo ya pili. Watu waliokwama walituma salamu redioni, nazo zilisomwa saa yoyote. Ukizima redio saa nne, huenda jina lako ndilo linalosomwa saa nne.

Maombi na bibi yake walikaa mtaa wa Kasha, katika kiwanja kimoja chenye nyumba tatu na mita moja ya umeme. Bili ilipokuja, waligawana kwa kuhesabu taa. Papa Apollinaire, mwenye kiwanja, alikuwa na taa nne. Maman Marcelline, mshonaji, alikuwa na mbili, na Maombi na bibi yake mbili. Hakuna aliyejiuliza kama umeme una vinywa vingine vya kulia zaidi ya taa.

Huyo bibi watu wote walimwita Koko. Alibakiwa na meno matatu, na ulimi uliofanya kazi ya meno mengine yote.

Basi, mwezi wa tano bili ilikuja mara mbili ya ile ya kawaida. Papa Apollinaire aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Hii redio yenu, mutoto," akamwambia Maombi, "inalia tangu asubui mpaka magaribi. Ndiyo iko inatukulia courant, umeme wetu wote. Siku ya dimanche, nyuma ya misa, tutakutana wote hapa. Itazimwa."

"Papa, redio haikule mingi."

"Ulisha kuona mbuzi analia siku nzima na hakule?"

Maombi akaenda zake dirishani, kwenye redio. Shuleni, Mwalimu Edouard alikuwa amewafundisha hesabu ya umeme: chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa unazokitumia, na kila ukifikisha wati-saa elfu moja, hiyo ni kilowati-saa moja, ndiyo inayolipiwa. Akaigeuza redio na kusoma mgongoni: wati kumi. Kwa saa kumi na mbili, wati-saa mia moja na ishirini. Mwezi mzima haukufika hata kilowati-saa nne. Maombi akatabasamu. Jumapili na ije.

Jambo moja tu lilimkwaruza moyo, nalo lilikuwa chini ya kitanda cha Koko. Barabara ilipofungwa, makala, yaani makaa ya kupikia, yaliadimika mjini. Koko akajinunulia réchaud, jiko la umeme linalotengenezwa na mafundi wa mtaani: tofali la udongo lililochongwa mifereji, na waya umejisokota ndani yake. Wengine walipoenda kazini, alilitoa, akafunga mlango, akachemsha maharage saa tatu nzima. Nje aliegemeza gunia la makala ili majirani walione. Gunia hilo halikuwa limefunguliwa hata siku moja.

Jumapili ikafika. Maombi aliwaomba wazime kila kitu, kisha akawaita wote mbele ya mita. Ndani ya kioo chake kulikuwa na kisahani cha bati chenye alama nyekundu. Kilikuwa kimetulia tuli.

"Papa, washa ile taa yako ya wati mia, na uangalie saa yako."

Kisahani kikaanza kutembea. Kwa dakika moja, kilizunguka mara moja. Wakazima taa, wakawasha redio. Dakika ikapita, na ile alama nyekundu ikasogea sehemu moja ya kumi tu.

Papa Apollinaire alivua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Sawa, redio imepona. Basi mwizi iko fer, ile pasi ya Marcelline. Imeandikwa wati elfu. Atafute pasi ya makala."

"Papa, ile pasi ndiyo inalisha watoto wangu," Maman Marcelline akasema polepole. "Na hayo makala, nitayaokota wapi?"

Maombi angeweza kunyamaza. Redio yake ilikuwa imeokoka. Alimtazama Koko, na Koko alikuwa anatazama bati la paa kama anayetafuta msumari uliopotea.

"Pasi ni nusu saa kwa siku," Maombi akasema. "Kuna kitu kingine." Akaingia ndani, akatoka amelibeba lile jiko. Lilikuwa bado na joto.

"Nilikuwa ninalikalia tu," Koko akasema. "Baridi inaniuma magoti."

Walipozima redio na kulichomeka, kisahani kilikimbia kama mtu aliyesikia risasi: mara kumi kwa dakika moja. Hilo jiko halikuandikwa wati, lakini mita ilikuwa imezisema: mara kumi ya ile taa, yaani elfu moja. Kwa saa tatu, kilowati-saa tatu kila siku, na mwezi, tisini. Kwa bei ya ile bili, faranga kumi kwa kila kilowati-saa, pasi ilikula kwa mwezi faranga mia moja na hamsini, redio thelathini na sita, na jiko mia tisa.

"Sufuria moja ya maharage," Maombi akasema, "ni redio ya siku makumi mbili na tano."

Koko akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwizi amekamatwa, na polisi analala kitanda kimoja naye."

Wakakubaliana kila nyumba ilipe kwa kadiri vifaa vyake vinavyokula. Koko naye akaahidi kuloweka maharage usiku, kuyachemsha nusu saa tu, kisha kuifunika sufuria kwa blanketi yajiivishe yenyewe.

"Mimi nilihukumu kelele," Papa Apollinaire akakiri. "Washa redio, Maombi. Weka sauti juu, sisi wote tusikilize jina ya papa yako."

Koko akamvuta mjukuu wake karibu.

"Sikia, mutoto. Chenye kulia sana sicho chenye kula sana. Pima kwanza, ndipo useme. Na siku ya kupima, ukiruka nyumba yako, hujapima kitu."

Akakuna kidevu.

"Lakini ungeniambia jana, ningelipoza jiko kwanza."