Papa Atapanda Jumapili

Watu husema michezo ya kompyuta hupumzisha akili. Basi nyumbani kwa akina Lagi, pale mjini Logan, hakuna aliyekuwa amepumzika.

Jioni ile kipanya cha kompyuta kiliruka kutoka sebuleni. Kikagonga friji, kikatumbukia kwenye sufuria ya tambi. Mama yao, Sefina, hakushtuka. Alikitoa kwa uma, akakining'iniza kwa waya wake.

"Lagi!"

"Kimeteleza, Mama."

"Kimeteleza kutoka huko mpaka huku? Kina mabawa?"

"Usimwonee, Mama," akasema Petelo, kaka yake Lagi. "Katika vyote alivyovirusha mwaka huu, hicho ndicho cha kwanza kufika mwisho wa safari."

Lagi alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Alikuwa akijifunza kujenga rola kosta ndani ya mchezo wa kompyuta. Rola kosta ni ile treni ya starehe inayopandishwa kilima cha chuma, kisha ikaachiwa iporomoke hadi roho ya abiria inamfika kooni. Katika mchezo huo unapanga reli mwenyewe, kipande kwa kipande, halafu unaijaribu. Reli za Lagi zilikuwa nzuri kutazama. Treni zake hazikuwa zikifika kituoni.

Papa, yaani babu yake, aliweka kikombe chini.

"Mwombe radhi mama yako," akasema.

"Samahani, Mama."

"Na tambi."

"Papa!"

"Tambi zimekukosea nini? Ziombe radhi."

Lagi akainamia sufuria. "Samahani, tambi."

Petelo alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka. "Sikiliza vizuri, mwanangu. Ukirusha kitu kingine, hata kijiko, kompyuta inaingia kabatini mpaka likizo. Sitanii."

Likizo ilikuwa mbali. Papa alikuwa anaondoka Jumatatu.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Papa alikuwa amepaka rangi reli za rola kosta kwenye bustani ya michezo kule pwani. Alizijua kwa brashi, kila kona na kila mteremko. Lakini hakuwahi kupanda hata moja. Moyo wake ulikuwa na kasoro, na daktari alikuwa amemkataza kabisa. Sasa alikuwa anarudi kisiwani Savai'i, kijijini kwake, kuishi huko moja kwa moja. Lagi alikuwa amemwahidi kitu: Jumapili, baada ya ibada na chakula, angemkalisha mbele ya televisheni kubwa, kwenye kiti cha mbele cha treni yake mwenyewe, na Papa angepanda.

Siku iliyofuata, baada ya shule, Lagi alijaribu tena. Alijenga kilima cha kwanza. Kisha akajenga kilima cha pili, kirefu zaidi, ili reli ipite juu ya kanisa jeupe lenye minara miwili. Kanisa hilo alikuwa amelijenga humo ndani ya mchezo, mfano wa lile la kijijini kwa Papa. Akabonyeza. Treni ikashuka kilima cha kwanza, ikapanda cha pili, ikafika katikati, ikasimama. Kisha ikarudi kinyumenyume.

Lagi akafuta kila kitu. Kanisa tu ndilo alilobakiza.

"Umefuta tena?" Petelo akauliza. "Wewe hujengi reli, wewe unafagia."

"Toka hapa, Petelo!"

Wakati huo mtu alibisha mlango wa nyuma. Alikuwa Anti Noelene, jirani yao. Kila Jumapili Mama Sefina humpelekea sahani ya chakula, na sahani ile hairudi tupu. Leo ilikuwa imejaa biskuti za shayiri na nazi. Kabla ya kustaafu, Anti Noelene alikuwa mhandisi wa kukagua mitambo ya michezo, kwenye bustani ileile ya Papa. Mpaka leo wawili hao hubishana nani alikuwa akimchelewesha mwenzake.

Akaona uso wa Lagi. "Nani amekufa?"

"Treni yangu, Anti."

"Imefia wapi?"

"Kila mahali."

"Hakuna treni inayofia kila mahali. Ilianza kuzimia wapi?"

"Sijui. Nimeshaifuta."

Anti Noelene akaweka sahani mezani. "Binti, umemzika marehemu kabla daktari hajamtazama. Sasa tutajuaje kilichomuua?"

"Kwa hiyo utanisaidia kujenga?"

"Sitakujengea hata kipande. Una gololi?"

Walitoka uani. Anti Noelene alichukua mpira chakavu wa kumwagilia maua, akaupasua kwa urefu kwa kisu cha Papa, ukawa kama mfereji. Petelo alipewa ncha moja aishike usawa wa kifua.

"Mimi nimeingiaje kwenye haya?" Petelo akalalamika.

"Wewe ni mlima," Lagi akamwambia. "Milima haisemi."

"Haya, nioneshe vilima vyako," akasema Anti Noelene.

Lagi akaunyanyua mpira mbele kidogo, ukawa nundu iliyopita kifua cha Petelo. Akaachia gololi. Ikashuka kwa kasi, ikapanda, ikasita, ikarudi.

"Ni ileile!" Lagi akapiga kelele. "Ndivyo treni inavyofanya!"

"Gololi ina injini?"

"Haina."

"Na treni yako?"

"Ina mnyororo unaoivuta."

"Unaivuta mpaka wapi?"

"Mpaka kilele cha kilima cha kwanza."

"Na baada ya hapo?"

Lagi akafikiri. "Hakuna. Inaporomoka tu."

"Basi nguvu yote inatoka kwenye mporomoko huo."

Lagi alishusha nundu kidogo. "Na vilima vikilingana?"

"Iulize gololi."

Akaachia tena. Gololi ilipanda, ikakaribia kileleni, ikabaki kidogo tu, ikarudi. Petelo, ambaye hakutaka kuwa mlima, sasa alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi ili aone vizuri, ncha ya mpira kaiinua juu ya kichwa.

"Kwa nini isipite?" akauliza. "Si urefu ni ule ule?"

"Sikiliza inavyoshuka," akasema Anti Noelene.

Wakasikiliza. Gololi ilikuwa ikinguruma taratibu ndani ya mpira.

"Inajisugua," akasema Lagi. "Inapoteza nguvu njiani."

"Na upepo nao unaizuia. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kila kilima kinachofuata kiwe kifupi kuliko cha kwanza." Lagi aliishusha nundu zaidi. Gololi ikapita juu yake, ikaanguka kwenye ndoo waliyoitega mwishoni. Ngo!

"Rahisi," akasema Petelo. "Fupisha kanisa."

Dirisha la chumba cha Papa likafunguka. "Fupisha kichwa chako!" sauti ikasema, na dirisha likafungwa.

Kabla ya kuondoka, Anti Noelene alimshika Lagi bega. "Usifute tena. Hifadhi nakala ya kila unachojenga, hata kibovu. Badilisha kitu kimoja, ujaribu. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, hutajua kipi kimesaidia. Panda kiti cha mbele, utafute mahali pa kwanza panapoharibika. Pa kwanza, siyo pale treni ilipolala."

"Na hasira ikinipanda?"

"Itakupanda. Mimi bado inanipanda. Inuka kwenye kiti, mtafute mtu yeyote. Usimwambie imeharibika. Mwambie imefanya nini."

Ijumaa Lagi alijenga upya, akaitazama treni ikikwama, mara kwa mara, bila kufuta. Kanisa lilikuwa refu. Reli ilitakiwa kulipita kanisa. Kilima kirefu kuliko vyote lazima kiwe cha kwanza. Alikula biskuti. Akalitazama kanisa tena.

"Petelo!" akaita. "Kwa nini kanisa liwe la pili?"

"Nani kasema liwe la pili?"

Hakuna aliyekuwa amesema. Ni yeye mwenyewe alikuwa amelipanga hivyo tangu mwanzo, na hakuwahi kujiuliza. Akakifanya kilima cha kanisa kuwa cha kwanza, akahamisha mnyororo, ukapita kando ya kanisa. Sasa treni ingevutwa polepole kando ya minara, na Papa angepata muda wa kuona kila dirisha. Kisha ingeporomoka.

Akajaribu. Treni ilipita kilima cha pili. Ikapita cha tatu. Lagi alikuwa ameshasimama kushangilia, ndipo kona ikaja. Mchezo ukaandika kwa rangi nyekundu: abiria wanatapika.

Mkono wake ukakamata kipanya. Ukapanda juu. Jikoni, Mama Sefina akainua mfuniko wa sufuria kama ngao.

Lagi alivuta pumzi. Akakiweka kipanya chini, tena kwa vidole viwili. Akainuka, akaenda jikoni.

"Mama. Treni ikifika kona ya kwanza, watu wanatupwa nje ya kona. Inakwenda kasi, na reli imelala bapa."

Mama Sefina huendesha basi la shule. Alishusha mfuniko. "Barabara kuu haiko bapa kwenye kona," akasema. "Imeinuliwa upande wa nje. Ndiyo maana naweza kuikata bila watoto kulaliana. Ila kwenye mzunguko wa hapa dukani, pako bapa, nisipopunguza mwendo nawasikia wanavyopiga mayowe."

Lagi alimtazama mama yake kama aliyemwona kwa mara ya kwanza leo. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulinirushia panya."

Lagi akarudi sebuleni. Aliinamisha reli kidogo, akajaribu. Akaiinamisha tena, akajaribu. Wekundu ukapungua, ukawa njano. Kwa mara ya kwanza, treni iliingia kituoni. Nyumba nzima ilisikia, kwa sababu Lagi alipiga kelele, na hakuna kilichoruka isipokuwa yeye mwenyewe.

Jumapili walitoka kanisani na mchungaji wao, ambaye alikuwa mgeni wa chakula siku hiyo. Alivaa suti nyeupe pe. Walikula nyama iliyookwa kwenye mawe ya moto, majimbi, na majani yake yaliyopikwa kwa tui. Anti Noelene alikuja na sahani. Kisha Papa akakalishwa mbele ya televisheni. Petelo alimfunga kwenye kiti kwa shuka la kiunoni.

"Mkanda wa usalama, Papa. Sheria ni sheria."

"Kaza," akasema Papa. "Mkaguzi yuko hapa, atatuchelewesha."

"Mpaka rangi ikauke," akajibu Anti Noelene.

Lagi akabonyeza. Mnyororo ukaanza kuvuta. Ka, ka, ka. Kanisa likaja kando, jeupe, mnara mmoja, kisha wa pili. Papa alinyoosha kidole, akagusa hewa, mahali ilipokuwa kengele. Mchungaji akasogea karibu na kikombe chake cha kakao.

Treni ikafika kileleni. Chini yake palikuwa patupu.

"Lagi," akanong'ona Papa, "mimi si..."

Ikaporomoka.

"CHIIIHUUUU!"

Miguu ya Papa iliruka, ikapiga meza ndogo. Kakao ikapaa, ikatua kwenye suti ya mchungaji kuanzia kola mpaka goti. Papa hakuona. Alilalia kushoto kwenye kona, akalalia kulia, akapiga mayowe kwenye kila kilima, mpaka treni ikaingia kituoni na kusimama.

Kakao ilidondoka kwenye zulia.

"Baba!" Mama Sefina alishika kichwa. Kumwagia mchungaji ni jambo zito. "Baba, mwombe Mchungaji radhi! Sasa hivi!"

Papa alimtazama mchungaji. Akamtazama Lagi. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka, na meno yote yalikuwa nje.

"Siombi," akasema. "Lagi, ipandishe tena."