Pikipiki Yenye Shingo Ndefu

Kila asubuhi pikipiki ya Baba ilikohoa nyuma ya jikoni kabla ya kunguruma. Kisha Mutahi aliita, "Kagure! Leo sikungoji!" Lakini alimngoja dada yake siku zote. Walipita kando ya mfereji, mpunga wa Mwea ukiwa umeanza kuiva pande zote, mpaka lango la shule.

Langoni ndipo furaha ilipoishia. "Hiyo pikipiki yenu ina kifua. Ipelekeni hospitali!" Sheila wa darasa la Kagure alisema, na wenzake wakacheka. Kagure aliinama kama anayefunga kamba za viatu.

Jumamosi moja Mutahi alimwonyesha picha kwenye simu. Ilikuwa pikipiki iliyorefushwa mbele, gurudumu limekaa mbali, usukani umesimama kama pembe za ng'ombe.

"Yetu ikikaa hivi, nani atacheka?"

"Hakuna," Kagure alisema. "Twende."

Fundi wa kuchomelea pale Kutus alizikata shoki, vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele, akaziunga na mabomba mengine. Alipomaliza alivua miwani yake nyeusi. "Sikilizeni. Hii sasa ni ya maringo tu. Msiibebeshe gunia. Ukiweka mzigo nyuma, mbele inakuwa nyepesi na haikati kona. Na hapa nilipochomelea hapataki uzito. Umesikia, kijana?"

"Nimesikia," Mutahi alijibu, huku akijitazama kwenye kioo cha pikipiki. Kagure pia alisikia.

Njiani Mutahi alisema, "Baba akiuliza, mwambie shoki zilikuwa zinavuja mafuta, fundi akaweka zenye nguvu zaidi. Mimi hataniamini. Wewe atakuamini."

Ilikuwa kweli. Kikombe kikivunjika, au kuku wakitoroka, Baba alimuuliza Kagure, na maneno yakaisha hapo.

Baba aliizunguka pikipiki. "Ati hii ni nini? Twiga?" Kisha akamgeukia binti yake. "Kagure, ilikuwaje?"

"Shoki zilikuwa zinavuja," Kagure alisema akitazama chini. "Fundi ameweka zenye nguvu zaidi."

"Haya. Ukisema wewe, nimeamini."

Jumatatu hata Sheila aliomba kubebwa. Kagure alicheka na wenzake, lakini jioni, Baba alipoosha pikipiki, yeye alitafuta kazi upande mwingine wa nyumba.

Mavuno yakafika. Shosho Wakiuru, mama yake Baba, alikuwa na kipande kidogo tu cha shamba, na mpunga wake ulikuwa chakula chake na pesa za dawa yake ya presha. Siku ya kuubeba, Mutahi alikuwa kibarua kwenye kinu cha kukoboa mpunga, kwa hivyo Baba alikuja na pikipiki mwenyewe. Aliweka magunia mawili nyuma.

"Kagure, shika kamba. Vuta sana."

Kagure alivuta. "Baba..."

"Sema."

Shosho alikuwa akitazama, na majirani pia. "Nenda polepole," Kagure alisema.

Baba alicheka. "Na hizi shoki mpya? Ningebeba hata matatu!"

Kagure na Shosho walimfuata kwa miguu. Kwenye daraja dogo la mfereji Baba alikata usukani, lakini pikipiki ilienda moja kwa moja, kama haikumsikia. Tak! Chuma kikakatika. Baba, magunia na pikipiki vikaanguka majini.

Watu waliacha miundu wakakimbia. Walimtoa Baba akiwa tope tupu, kifundo cha mkono kimevimba. Magunia yalitolewa yakichuruzika maji.

"Kwani Moffat amerudia pombe?" Mama Watiri, jirani yao, alisema kwa sauti. "Hata saa sita haijafika!"

Moffat ndiye Baba, naye alikuwa ameacha pombe kabla Kagure hajaanza shule. Aliyasikia maneno hayo, akamgeukia Shosho. "Mama, nisamehe. Shoki ni mpya. Ni mimi nimeshindwa kukata kona."

Uso wa Kagure uliwaka. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Baba angebaki mlevi midomoni mwa watu.

"Si Baba!" alipaza sauti. "Shoki hazikuwa zinavuja. Tulirefusha kwa maringo. Fundi alisema isibebe gunia, na mimi nilisikia. Nilimdanganya Baba."

Kila mtu alimtazama. Kagure alitamani Baba amfokee. Baba aliuliza tu, "Na kamba ukanishikia?"

"Nilishika," Kagure alisema, akaanza kulia.

"Utalia baadaye," Shosho alisema. "Mpunga ukilala na maji utaota. Leteni turubai."

Waliumwaga mpunga juani. Kagure alivua viatu, akaukanyaga akiburuta miguu kuugeuza, akienda na kurudi. Mutahi alipofika na kusikia yaliyotokea, alivua viatu bila kuambiwa. Mama Watiri naye alimwendea Baba. "Baba Mutahi, nilikosea. Mdomo wangu ulikimbia." Kisha akaleta turubai lake.

Mpunga ulikauka, ingawa punje nyingi zilivunjika kinuni. Mutahi alirudisha shoki za kawaida kwa pesa za kibarua chake.

"Twiga ameenda wapi?" Sheila aliuliza langoni.

"Nusura amuue Baba," Kagure alijibu, na safari hii hakuinama.

Jioni moja kuku walikuwa tena kwenye bustani ya mboga. Baba alimtazama Kagure, kisha akamuuliza Mutahi. Hilo lilimuuma Kagure kuliko kiboko.

"Baba, utaniamini tena lini?"

Baba alimketisha karibu naye. "Siku ile sikuamini vyuma, kwa sababu sijui vyuma. Niliamini neno lako. Neno la uongo ni kama zile shoki. Linapendeza macho, lakini mtu akiliwekea mzigo wake, linakatika naye. Neno la kweli hata likiwa la aibu, linabeba. Siku ile ya daraja ulisema ukweli mbele ya watu wote. Nilisikia." Akawatazama kuku. "Haya, tuanze na hawa. Nani aliacha banda wazi?"

"Ni mimi, Baba."

"Basi tumeanza," Baba alisema. "Sasa kimbia uwafungie."