Kitanda cha Bi Genowefa

Kila asubuhi ya Julai, kabla hata ya kunywa chai, Malwina alivaa soksi mbili mbili na viatu vyake vipya, akaenda dukani kwa njia ndefu ya mashambani badala ya ile fupi ya kanisani. Viatu vya hija havitakiwi kuwa vipya siku ya safari. Huvaliwa mapema mpaka vizoee mguu, la sivyo siku ya pili tu mtu anachechemea kwa malengelenge na kuanza kulitazama lori la mizigo linalofuata kundi kwa macho ya kuomba.

Malwina alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, angekwenda Częstochowa, mji wa hija wa Bikira Maria, kwa miguu, pamoja na shangazi yake Renata na kundi zima la parokia. Safari ile ilichukua zaidi ya wiki. Kutembea hakukumtisha hata kidogo. Kilichomkosesha raha ni swali la malazi, maana mahujaji hulala popote wenyeji watakapowafungulia mlango, na mara nyingi mlango wenyewe ni wa banda la nyasi kavu.

"Bandani ni pazuri," alisema Shangazi Renata, akipiga goti juu ya begi lililokataa kufungika. "Ukipata kona isiyo na upepo na jirani asiyekoroma, unalala kama mbunge."

"Na panya je, Shangazi?"

"Panya wa huko wamezoea wageni. Hawana neno na mahujaji."

Malwina hakucheka. Lakini moyoni alikuwa na tegemeo lake. Usiku wa tatu kundi lingelala kijiji cha Lipnica, na huko ndiko alikoishi Bi Genowefa. Bibi Salomea, bibi yake Malwina, alikuwa amelala kwa Bi Genowefa kila Agosti tangu baba yake Malwina akiwa mtoto. Hapo palikuwa na chumba kidogo chini ya paa, kitanda kimoja, shuka linalonukia sabuni, blanketi la manyoya ya bata, na dirisha linalotazama miti ya matufaha. Vyumba vingine vilikuwa na wageni wao wa miaka yote. Ndivyo mambo yalivyokuwa njia nzima: mwenyeji ana watu wake, na watu wana mwenyeji wao.

"Siku goti langu likikataa," Bibi alikuwa akimwambia Malwina tangu akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu, "kitanda kile utalala wewe."

Mwaka huu goti lilikataa.

Sasa nitawaambia habari za Otylia, maana bila yeye pasingekuwa na kisa. Otylia alikuwa rika la Malwina. Alihamia nyumba ya jirani na mama yake, ambaye alifanya kazi kwenye tanuri la mikate na kuondoka nyumbani kabla ya jua. Kwa hiyo Otylia alishinda jikoni kwa Bibi Salomea. Alimenya maharage na Bibi, akafundishwa nyimbo za hija na Bibi, na juzi Bibi alikuwa amemvika ile kofia yake ya majani makavu, iliyofika Częstochowa mara nyingi kuliko padri wao. Yeye naye angekwenda na kundi, chini ya uangalizi wa Shangazi Renata. Malwina alipomwona na kofia ile kichwani, roho ilimwuma, akasema kichwa kinamgonga, akaenda kulala mchana kweupe.

Jumapili ile, baada ya misa, Bibi alikuwa akimenya viazi. Bila kuinua macho alisema:

"Malwina, nimefikiri sana. Kitanda cha Genowefa mwaka huu atalala Otylia."

Malwina alidhani hakusikia vizuri. "Otylia yupi?"

"Tunaye mmoja tu, mwanangu. Wewe utalala na shangazi yako bandani. Una mwili wenye nguvu."

"Lakini Bibi, uliniahidi."

"Najua." Kisu cha Bibi kilisimama kidogo juu ya kiazi, kisha kikaendelea. "Nina sababu, ila siyo yangu kuisema. Hebu mpigie Genowefa umweleze. Mimi kwenye simu sisikii kitu siku hizi."

Malwina alichukua simu akatoka nayo mpaka kwenye ngazi za uani. Kofia amepewa, nyimbo amepewa, sasa na kitanda. Kimebaki nini, aitwe mjukuu kabisa? Akapiga.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema alipopokelewa.

"Milele na milele, amina. Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, kuku hawa wananipigia kelele."

"Napiga kwa niaba ya Bibi Salomea. Goti linamsumbua, hatakuja. Anasema..." Malwina alitazama mlango wa jikoni. Ulikuwa umefungwa. "Anasema kitanda chake alale mjukuu wake."

"Malwina mwenyewe!" Sauti ya Bi Genowefa ilijaa furaha. "Nimekungoja tangu ungali kwenye nepi. Basi kitanda ni chako, na maji ya miguu nitakuchemshia mwenyewe."

Malwina aliporudi ndani, Bibi alimwuliza, "Kasemaje?"

"Kasema sawa."

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo raha ya uongo ilipoanza, na raha yenyewe ilikuwa nyembamba sana. Usiku Malwina alijiona kitandani chini ya paa, na Otylia akivuta begi lake kuelekea bandani na kofia yake ya kifalme. Asubuhi alijiuliza Shangazi Renata atasema nini watakapofika. Halafu alimwona Otylia akicheka na Bibi dirishani, na kijicho kikamrudia kibichi kabisa, akaona amefanya haki.

Siku moja kabla ya safari, mahujaji wa kutoka mbali zaidi, kaskazini, walikuwa wanafika kijijini. Wangelala, na kesho yake kundi la Malwina lingeungana nao. Kila nyumba ilikuwa mbioni. Kwa kina Malwina baba alikwisha kuangusha marobota ya nyasi kavu bandani, na kazi ya kuyafungua na kutandaza ilikuwa ya watoto. Otylia alisimama nje ya mlango wa banda, akipanga mabeseni ya kunawia.

"Mbona huingii?" Malwina aliuliza.

"Napanga mabeseni."

"Mabeseni yamepangika tangu saa ile. Ama mwenye kitanda cha manyoya ya bata hashiki nyasi?"

Otylia alibadilika rangi. "Siyo hivyo."

"Basi ni vipi? Sisi wengine tutalala kwenye nyasi kama hizi safari nzima. Wewe hata kugusa tu unaona kinyaa, malkia."

Otylia alitua beseni chini. Aliingia, akashika robota, akakata kamba na kuanza kutikisa nyasi kwa hasira. Vumbi lilipanda mpaka kwenye boriti. Malwina, upande wa pili, alifanya kazi huku akijisifu kimoyomoyo kwamba amempasha.

Kisha akasikia mluzi. Mwanzo alifikiri ni mlango unaolia. Alipogeuka alimwona Otylia ameinama, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, na mluzi ule ulikuwa unatoka kifuani mwake. Alitaka kusema kitu na hakuweza. Midomo yake ilikuwa na rangi mbaya.

"Bibi!" Malwina alipiga ukelele. "Bibi, njoo!"

Bibi Salomea alivuka ua kana kwamba hajawahi kuwa na goti. Mkononi alikuwa na kichupa cha dawa ya kuvuta, ambacho Malwina hakujua kwamba kilikuwa kinakaa kwenye droo ya vijiko vyao. Alimtoa Otylia nje penye hewa, akamkalisha wima kwenye benchi.

"Usilale, kaa hivyohivyo. Toa pumzi. Sasa vuta polepole. Vizuri. Tena." Kisha kwa Malwina, bila kugeuka: "Kamwite mama yake. Mbio. Ikizidi tutamwita daktari."

Haikuzidi. Mama yake alipofika na unga bado mikononi, mluzi ulikuwa umepungua, na Otylia ameegemea bega la Bibi, amechoka.

"Ni pumu," Bibi alimwambia Malwina. "Vumbi la nyasi kavu ndilo adui yake mkubwa. Daktari amemruhusu kwenda hija, njia yote imekwisha kupangwa, kwingine atalala shuleni na kwenye nyumba ya masista. Lipnica tu ndiko hakuna ila mabanda. Ndiyo maana nikatoa kitanda changu. Aliniomba nisimwambie mtu."

"Shule niliyotoka waliniita Birika," alisema Otylia kwa sauti ndogo. "Nikipumua tu, wanauliza chai iko wapi."

Malwina alisimama na mikono imejaa nyasi. Hakuna aliyekuwa akimshuku. Angeweza kunyamaza, kisha ajifanye kushangaa Lipnica. Lakini aliuona usiku wa tatu waziwazi: giza, banda, vumbi, na watu wamelala fofofo kwa uchovu wakati mtu mmoja anakosa pumzi.

"Bibi, sikumwambia Bi Genowefa jina la Otylia," alisema. "Nilimwambia alale mjukuu wako. Yaani mimi. Nilimwonea wivu."

Otylia ndiye aliyezungumza kwanza.

"Kwa hiyo ungeniacha nilale kwenye nyasi?"

"Sikujua."

"Ungeuliza."

"Ningekuuliza ungeniambia?"

Otylia alifikiri. "Pengine nisingekuambia," alikiri. "Lakini ungeuliza."

Malwina alishindwa kujizuia, akalia. Bibi hakumkemea wala hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka akaishiwa, ndipo akampa simu.

"Nilivunja ahadi yangu kwako na sikukueleza hata nusu yake. Hilo ni kosa langu, nisamehe. Hili la simu ni lako. Lirekebishe mwenyewe, hapa mbele yetu."

Hakuna simu iliyowahi kuwa nzito kama ile. Malwina alisema yote: uongo, wivu, pumu, nyasi. Upande wa pili walisikika kuku tu.

"Umenitia aibu, mtoto," alisema Bi Genowefa hatimaye. "Kijiji kizima nimekwisha kukitangazia mjukuu wa Salomea." Akavuta pumzi. "Haya. Kitanda alale mgonjwa. Nitakung'uta blanketi nje na kupiga deki chini. Wewe banda langu unalijua?"

"Silijui."

"Utalijua."

Siku ya tatu ya safari kundi liliingia Lipnica jioni, limepigwa na jua, likiimba kwa sauti za kukwaruza. Bi Genowefa alikuwa langoni, mfupi, aproni kiunoni, akiwachungulia watu usoni mmoja mmoja. Alimpokea Otylia kwa mikono miwili. Kwa Malwina alitikisa kichwa tu.

Otylia alikuwa anachechemea, hivyo Malwina alibeba begi lake kupanda ngazi. Juu alikiona kitanda. Kilikuwa kidogo kuliko alivyokiota, lakini dirisha lilikuwepo, na miti ya matufaha ilikuwepo, na upepo ulikuwa unaingia. Nisiwafiche: kijicho kilimng'ata tena, kidogo, hapohapo mlangoni. Akatua begi juu ya kitanda, akaikagua dawa ya kuvuta kwamba iko mfuko wa mbele, akaiweka karibu na mto.

"Malwina," aliita Otylia. "Kofia ya Bibi. Ivae wewe kesho. Njia ya kesho haina kivuli."

"Na wewe je?"

"Tutapokezana."

Alipotoka uani, Bi Genowefa alimwonyesha benchi. Mbele yake palikuwa na beseni la maji ya moto na chumvi. Malwina alivua soksi, na yule mama akapiga magoti kama wafanyavyo wenyeji wote wa njia ile, akamshika mguu na kuanza kuuosha. Malwina alitamani ardhi impasukie.

"Bi Genowefa, mimi sistahili."

"Miguu yako ilidanganya? Basi iache ioshwe." Aliutazama mguu wa pili. "Unajua bibi yako mwaka wake wa kwanza alilala wapi?"

"Kitandani kule juu."

"Bandani. Kitanda nilimpa mwanamke mmoja mja mzito. Salomea akaninunia, hakugusa hata supu yangu. Kesho yake, njiani, yule mwanamke akajisikia vibaya, na aliyemshika mkono mpaka gari lilipokuja alikuwa Salomea. Mwaka uliofuata alikuja kuniomba radhi. Tangu hapo kitanda kikawa chake."

Malwina aliduwaa. Bibi yake, anune?

"Sasa sikiliza," alisema Bi Genowefa, akimfuta vidole na taulo. "Wivu humpata kila mtu, mimi hunipata hata kwa kuku wa jirani. Lakini ukiona mwenzako kapewa, uliza kwanza kapewa kwa nini. Na ukishajua, kama bado unataka kununa, nuna, ila usiguse kilicho chake. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Haya, supu ipo. Kunywa, usije ukawa kama bibi yako."

Malwina alikunywa bakuli mbili. Kisha alichukua blanketi lake na kwenda bandani, ambako Shangazi Renata alikuwa amemwekea nafasi kwenye kona isiyo na upepo.