Mchumba Aliyenichagulia Masta

"Samahani, mkunga, nafasi yako nimeshaanza kuitafutia mtu mwingine," alisema profesa.

Nilikuwa napiga pasi sare yangu ya kazini, simu nimeiweka spika mezani. Mkono uliganda hadi nikasikia harufu ya nguo kuungua.

"Mtu mwingine? Profesa, kwa nini tena?"

"Si umechagua ile masta ya jioni? Mchumba wako alinipigia juzi. Alisema mmeshauriana, ukaona ya utafiti itakuchosha."

Mchumba mwenyewe, mfamasia wa hospitali yetu, alikuwa kwenye kochi na mama yangu, wakipanga mambo ya harusi. Akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

"Profesa, nipe dakika kumi nikupigie."

"Usizidi hapo. Naingia kikaoni, na wanataka jina."

Jamani, naomba mnielewe. Nilipata nafasi mbili za masta. Moja ni ya uongozi wa hospitali: unakaa darasani jioni, unafanya mitihani, unatoka na cheo na ofisi yenye kiyoyozi. Nyingine ni ya utafiti: hakuna darasa, unapewa msimamizi mmoja na swali moja, unahangaika nalo miaka miwili kwenye hospitali za mbali. Swali langu nalijua. Kuna mama alivuja damu baada ya kujifungua mpaka akaniponyoka mikononi, na hadi leo sijui tulichelewa wapi. Hayo nilimwambia mfamasia wangu huyu huyu, nikilia kifuani kwake. Halafu yeye ndiye anakwenda kunifungia mlango!

"Ulimpigia?"

"Mpenzi, tuongee nje."

"Ongea hapa hapa. Ulimpigia, hukumpigia?"

"Nilimpigia. Nilitaka kukusaidia. We mwenyewe ulikuwa unayumba, leo hivi, kesho vile."

"Kuyumba ni kwangu! Nani kakutuma?"

"Mwanangu, taratibu," mama akasema.

"Mama, leo niache."

Mfamasia akafuta jasho kwa kiganja.

"Haya, nasema. Mimi nina masta ya jioni. Wewe ukimaliza hiyo ya utafiti utaunganisha PhD, watakuita dokta. Mimi nitaitwa nani? Mume wa dokta? Na hiyo miaka miwili mbali, nani kaniambia utarudi?"

Roho iliniuma. Nilikuwa nampenda, tena sana, na niliona hofu yake ni ya kweli.

"Ungeniambia hivyo wiki iliyopita ningekushika mkono," nikamwambia. "Hata harusi ningeisogeza karibu, tuondoke wote. Lakini unajua wodini kwetu nakutana na nini? Namuuliza mama mjamzito anaumwa wapi, mume anadakia, 'Haumwi huyo, ni uoga tu.' Mama wa watu anabaki ananiangalia. Wewe umenisemea nikiwa mzima, nimesimama na miguu yangu. Siku nikilala kitandani, itakuwaje?"

"Nilikosea. Nisamehe."

Nikachukua simu.

"Profesa, ni mimi mwenyewe. Nachukua ya utafiti."

"Na mchumba wako? Sitaki ugomvi wa nyumbani uje kuharibu kazi."

"Sijamuuliza. Andika jina langu."

"Nimeliandika. Jumatatu uje ofisini."

Simu ilipokatika, yule mwanaume alipiga magoti, lakini si mbele yangu. Alimshika mama yangu mikono.

"Mama, nisaidie. Mwambie anisamehe. Mwambie tuoane kama tulivyopanga."

Mama alimpenda kijana huyo kuliko anavyopenda chai yake ya asubuhi. Nikajua sasa nimekwisha, nitasemewa na wa pili. Akashusha pumzi, akaichomoa mikono yake polepole.

"Mwenyewe si huyo hapo, baba? Muulize yeye."

Akanigeukia, bado amepiga magoti.

"Bado tunaoana?"

"Hapana," nikajibu, machozi yakinitoka.