Tochi Nyekundu na Kipandio cha Saba

Wewe unayesoma, acha kujifanya hukuona. Ulipita pale. Uliona kipandio kimebomoka, uliona taa haiwaki, ukainua mguu, ukaruka, ukaenda zako. Labda ulimgeukia mwenzako ukamwambia, "Angalia hapo," ukadhani umetenda wema. Basi tulia usikie habari za jengo ambalo watu wake wote walikuwa kama wewe.

Lilikuwa jengo la ghorofa nne. Zamani ngazi zake zilikuwa na madirisha, na jua liliingia mpaka chini. Kisha mwenye nyumba akaukodisha ukuta wa nje kwa watu wa matangazo. Madirisha yakazibwa kwa matofali, na juu yake ikachorwa picha ya bwana mmoja mwenye meno meupe, anacheka, ameshika dawa ya meno. Bwana akacheka nje, giza likaingia ndani. Taa za ngazini ziliungua moja baada ya nyingine, na hakuna aliyezibadilisha. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kipandio cha saba kikameguka, kikabaki kipande kidogo upande wa ukutani na vyuma vimechomoza kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kwa njaa.

Wakaazi walifanya nini? Walihesabu. Kupanda, unahesabu sita, unaruka cha saba. Kushuka, unahesabu vinne, unaruka cha tano. Watoto walitunga wimbo wa kupandia: "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, hopa!" Watu wakauona ubovu kuwa mchezo, tena wakajivunia. Mgeni akija, walimfundisha kwa kicheko.

Mwaka wa pili, mfua nguo akavunjika mkono. Wakasema, "Hakuhesabu vizuri." Mwaka wa nne, mshonaji akaanguka na cherehani yake. Cherehani ilipona, meno yake mawili hayakupona. "Hakuhesabu vizuri." Mwaka wa sita, mke wa mlinzi akaanguka akiwa na mimba ya miezi saba. Kitanda kidogo walichokuwa wamekiandaa kikatolewa nje, wakampa mtu mwingine. Na hata yeye, alipokuwa bado analia, kuna waliosema kwamba hakuhesabu vizuri.

Ghorofa ya nne aliishi msichana wa darasa la sita. Kwa kupenda kuongea, watu walimwita Chiriku. Mama yake alifua mashuka hospitalini tangu alfajiri hadi jioni. Kwa hiyo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Chiriku akitoka shule alikula haraka, akavua sare, kisha akampeleka bibi yake zahanati kusafishwa kidonda cha mguu. Bibi alikuwa na kisukari. Muuguzi alikuwa amesema waziwazi, "Kidonda hiki kikikosa kusafishwa, au mguu huu ukijigonga popote, tutaukata."

Bibi hakuweza kuruka. Ilimbidi aone, ili akanyage kile kipande kidogo cha ukutani, taratibu, fimbo kwanza, mguu baadaye. Mwanzoni jirani mmoja aliwamulikia kwa simu, kisha akahama. Mama akampa Chiriku pesa. "Kanunue tochi, mwanangu. Ndogo, ya mfukoni, lakini imara. Pitia kwa fundi redio kwanza akuelekeze."

Fundi redio alikuwa na chumba chake chini kabisa, penye mlango wa jengo. Alimsikiliza huku ameuma waya midomoni, kisha akautoa.

"Kwanza ifumbate. Vidole vikikutana, hiyo ni ya mfukoni. Visipokutana, huo ni mzigo. Itikise karibu na sikio. Ikicheza ndani kama njuga, irudishe. Fungua kifuniko cha betri, utazame springi: isiwe na kutu, na pawe na mpira wa kuzuia maji. Kitufe kiwe kimoja tu. Halafu iwashe, iache hapo mezani, upige soga na muuzaji. Soga unaziweza, au nakusingizia?"

Chiriku akacheka. "Nipige soga mpaka lini, Fundi?"

"Mpaka muuzaji akuchoke. Robo saa ikipita na mwanga haujapungua, lipa uondoke nayo. Tochi hujaribiwa kwa kusumbuliwa."

"Na ile inayomulika mbali kuliko zote?"

"Bibi yako anasafiri kwenda wapi? Anataka kuona atakapoweka kidole gumba, basi."

Dukani alikwenda na mwenzake wa darasani aliyeitwa Kidoti. Muuzaji akaweka tochi mbili mezani, bei ileile. Moja ilikuwa ya chuma, rangi ya kijivu, fupi kama kidole cha mtu mzima, kitufe kimoja. Nyingine ilikuwa nyekundu, ina taa tatu, filimbi na kioo cha kuvutwa mbele.

"Hii kijivu ya nini?" Kidoti akasema. "Ya kusafishia masikio? Chukua nyekundu bwana, kesho tukaonyeshe darasani!"

Muuzaji akaiwasha nyekundu, akaimulika dari, akaizima kabla macho hayajazoea. "Hii inafika mpaka mwezini, binti."

Chiriku aliyakumbuka maneno ya fundi, neno kwa neno. Aliifumbata, vidole havikukutana. Aliitikisa, akasikia kitu kinacheza ndani. Lakini Kidoti alikuwa mlangoni anamwita, na ile nyekundu ilikuwa inang'aa. Akalipa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano, wakiwa ngazini, tochi ilizimika. Chiriku akaipiga kofi, ikawaka.

"Mbona unaipiga kama mtoto mtukutu?" Bibi akauliza.

"Naizoeza tu, Bibi."

"Mh. Na imeshazoea?"

"Iko sawa, Bibi."

Haikuwa sawa, naye alijua. Usiku ule ilizimika mara tatu. Alhamisi alipita mbele ya chumba cha fundi, akainamisha kichwa na kuharakisha. Mama alipouliza habari za tochi, alijibu, "Nzuri, Mama." Aliona aibu kukiri kwamba alikuwa ameambiwa cha kufanya akafanya kingine. Mdomo uliokuwa haufungwi ukafungwa siku hiyo.

Ijumaa, saa nane mchana, walianza kushuka. Nje jua lilikuwa kali. Ngazini palikuwa giza kama ndani ya gunia. Walipofika ghorofa ya tatu, juu ya ngazi zenye kipandio kibovu, Bibi alikuwa na fimbo mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameugusisha ukutani. Vipandio viwili, tochi inawaka. Cha tatu, ikazimika.

Chiriku akaipiga kofi. Akaipiga tena. Haikuwaka.

Angesema, "Bibi, simama." Maneno mawili tu. Lakini kusema hivyo kungekuwa kukiri. Akasema, "Shuka tu Bibi, nahesabu." Akaanza kuhesabu kwa hofu, na ulimi wake ukashika ule uliouzoea tangu utotoni, wimbo wa kupandia. Nne. Tano. Alikuwa bado anaisubiri saba Bibi aliposhusha mguu mahali pasipo na kitu.

Hakupiga kelele. Ilisikika fimbo ikigonga chini, kisha mlio mzito, kisha sauti ndogo: "Mungu wangu."

Milango ikafunguliwa. Simu zikamulika. Watu wanne wakambeba Bibi juu ya ubao wa meza hadi barabarani, na Chiriku akafuata nyuma, tochi bado mkononi. Hospitalini daktari akasema nyonga imevunjika. Vyuma vilikuwa vimekichana kile kidonda. Baada ya wiki mbili walimkata vidole viwili vya mguu. Haya si ya kutisha watoto. Ndiyo yaliyotokea.

Lakini turudi Ijumaa ileile, jioni. Majirani walikuwa wamekusanyika mlangoni mwa jengo kumpa Mama pole. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu akatikisa kichwa, akasema, "Maskini bibi wa watu. Hawakuhesabu vizuri."

Chiriku akajipenyeza katikati yao.

"Bibi hakukosea!" akapaza sauti. "Ni mimi! Tochi ilikuwa inazimika tangu Jumatano. Nilijua, nikamdanganya. Fundi aliniambia nijaribu, sikujaribu. Niliipenda rangi yake tu!"

Mama yake akaketi chini palepale. Fundi redio akaichukua ile tochi, akaifungua mbele ya watu. Springi ilikuwa na kutu, na waya mmoja ulishikiliwa na kipande cha karatasi.

"Ulijua siku ngapi?" akamuuliza.

"Tatu."

"Siku tatu." Fundi akawageukia wengine, na sauti yake ikabadilika. "Haya, nyinyi. Kile kipandio mmekijua siku ngapi? Wewe? Wewe je? Mbona mmetazama chini? Mtoto huyu amenyamaza siku tatu na amekiri. Mimi nimenyamaza miaka tisa. Mimi, fundi mzima, nakaa kumfundisha mtoto kuchagua tochi ili apite penye shimo, badala ya kuuliza shimo linafanya nini hapo! Mfua nguo alianguka tukasema hakuhesabu. Mke wa mlinzi..." Akashindwa kuendelea, kwa sababu mlinzi alikuwa amesimama hapo.

Asubuhi yake walimfuata msimamizi wa jengo, watu arobaini na kitu.

"Mwenye nyumba amesafiri," akasema.

"Miaka tisa?" mfua nguo akamjibu. "Basi ameshafika."

Mwashi wa ghorofa ya nne hakungoja zaidi. Alipanda na nyundo na tindo, akaanza kuyabomoa matofali ya dirisha la kwanza. Msimamizi akatishia kuita polisi.

"Waite," mwashi akasema. "Lakini wapande bila tochi."

Tundu la kwanza lilitokea kwenye jino la mbele la yule bwana wa tangazo. Jua likaingia. Ndipo watu walipoona kitu ambacho hawakuwa wamewahi kukiona. Ukutani, kimo cha bega, kulikuwa na mstari mweusi wa uchafu, mpana kama kiganja, unaopanda pamoja na ngazi kutoka chini mpaka juu. Ulikuwa umechorwa na mikono yao wenyewe, ikipapasa, kila siku, kwa miaka tisa. Chini yake palikuwa na mwingine mwembamba zaidi, wa watoto. Mlinzi alikaa kwenye kipandio, akafunika uso.

Jumatatu mwenye nyumba alituma mifuko miwili ya saruji na taa nne, upesi mno kwa mtu aliyekuwa safarini. Kipandio kikajengwa. Wimbo wa kuhesabu ukakosa kazi.

Bibi alirudi baada ya miezi miwili, akiegemea kiunzi cha kutembelea. Chiriku alikuwa amerudi dukani na pesa alizozipata kwa kuwatekea maji majirani. Aliiomba ile ya kijivu, akaiwasha, akaiacha mezani, akapiga soga.

"Mtoto, unataka kuhamia hapa?" muuzaji akauliza.

"Bado dakika tano, Mjomba."

Sasa kila asubuhi, kabla ya shule, anapiga magoti mbele ya kitanda na kuumulika wayo wa Bibi, kwani muuguzi amewaeleza kwamba mwenye kisukari anaweza kuumia mguu bila kusikia maumivu.

"Unaona nini?" Bibi huuliza.

Asubuhi moja Chiriku alikawia kujibu. Kulikuwa na mtihani siku hiyo, na kusema kungemchelewesha.

"Wekundu, Bibi. Karibu na kisigino. Jana haukuwapo."

"Haya, mwite mama yako kabla hajatoka." Bibi akamshika mkono. "Ngoja kwanza. Siku ile ungeniambia hivi hivi, ningekaa chini kwenye ngazi na kusubiri mwenye taa. Ningechelewa zahanati, basi, muuguzi angenigombeza. Nimekusamehe, mjukuu wangu, lakini usiniombe nisahau. Ukijua kitu kibovu, kiseme siku unayokijua. Hata kama aliyekosea ni wewe. Hasa kama ni wewe. Na watu wazima wakikuzoesha kuruka shimo, waulize kwa nini hawalizibi."

Umesikia, msomaji? Usiseme hadithi tamu, wala usigeuze ukurasa. Kuna kitu kibovu unakijua sasa hivi: mlango wa choo cha shule unaoning'inia kwa bawaba moja, waya uliochubuka kando ya dawati, kifuniko cha shimo la maji kilichopasuka. Unakijua, na kimekujia akilini sasa hivi. Funga kitabu. Simama. Nenda kwa mwalimu au kwa mzazi, umshike mkono, umpeleke mpaka mbele ya kitu hicho, umwonyeshe. Akikwambia kesho, rudi na wenzako watatu leo hii kabla ya kengele ya mwisho. Nenda!