Alama za Mlango wa Stoo

Asubuhi ya Ijumaa ile, kama asubuhi zote za wiki ile, nilikula uji wangu huku Nyanya akinisikiliza.

"Anza tena," alisema, akijimiminia kahawa.

"Karibuni katika stoo ya chakula ya familia ya Brekke. Hapa ndipo mama yake Thora alipoweka unga, viazi na siagi. Pipa hili la kutengenezea siagi…"

"Unasema kama mtu anayesoma risiti ya dukani, Marit. Hilo pipa ni la mama yangu mzazi."

"Ndiyo maana nimekwama nalo," nilisema.

Nyanya alinitazama juu ya miwani yake. Niliinamia bakuli langu, nikamalizia uji.

Mji wetu wa Vangstad, huku Dakota Kaskazini, una watu mia nne na kitu kimoja cha kujivunia. Kitu hicho ni Thora Brekke, muuguzi aliyezunguka mashambani kwa farasi, theluji ikimfika mnyama magotini, akiwachanja watoto wasife kwa dondakoo. Nyumba aliyokulia sasa ni makumbusho, na Nyanya ndiye mwenye ufunguo. Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei, nyumba hufunguliwa baada ya baridi, na wanafunzi wa darasa la sita huwaongoza wageni. Kila mtoto hupewa chumba chake na maneno yake ya kukariri.

Tatizo ni kwamba chumba huchagui. Vyombo vilivyomo ndani vililetwa na majirani miaka mingi iliyopita, nyumba ilipokuwa tupu. Ukoo ulioleta kitanda, mtoto wao husimama chumba cha kulala. Ukoo ulioleta jiko, mtoto wao husimama jikoni. Sisi akina Solem tulileta pipa la siagi. Baba yangu alisimama stoo, shangazi yangu alisimama stoo, na sasa zamu yangu imefika.

Nilikuwa nimekitaka chumba cha kulala cha Thora tangu darasa la tatu. Nilisoma kila karatasi iliyokuwa katika makumbusho yale. Lakini kitanda kililetwa na akina Moen, kwa hiyo chumba alipewa Britta Moen, ambaye hata mwaka aliozaliwa Thora hakuwa anaujua. Nilimlalamikia Mwalimu Dahl, akasema ndiyo desturi. Nilimlalamikia Nyanya, akasema hivyohivyo. Nilichoka kusikia neno desturi.

Mchana wa Ijumaa darasa zima lilikwenda kufanya usafi. Watu wa Vangstad hawawezi kumkaribisha mgeni ndani ya nyumba ambayo haijasuguliwa. Nyanya aligawa ndoo, magadi na burashi, akatoa amri yake ya kila mwaka: "Sugueni mpaka mbao ziwe nyeupe. Lakini mkikuta kitu kilichoandikwa, acheni, mniite."

Britta alipita mlangoni kwangu akiwa amebeba shuka zilizopigwa pasi.

"Pole, Marit. Lazima mtu alinde viazi."

"Hamna viazi humu."

"Basi kazi yako ni nyepesi zaidi," alisema, akapanda ngazi akiimba.

Sijui kama mmewahi kusugua kitu kwa hasira. Mkono hauchoki. Nilisugua rafu, nikasugua sakafu, nikahamia mwimo wa mlango, ule ubao wa kando ambao haujawahi kupakwa rangi. Nilikuwa nikizungumza na Britta kichwani, nikimpa majibu yote niliyoshindwa kumpa alipokuwa mbele yangu, na burashi ikipanda na kushuka. Niliposimama kupumua, ubao ulikuwa mweupe pe. Hapo ndipo nilipokumbuka.

Kwenye mwimo ule palikuwa na alama za penseli. Mama yake Thora alikuwa akimsimamisha hapo kila mwaka, anapiga mstari juu ya kichwa chake na kuandika tarehe. Alama hizo zilikuwa sentensi ya mwisho ya maneno yangu mwenyewe. Wageni wengi hawazitazami, hukimbilia juu kukiona kitanda. Lakini katika nyumba nzima, yenye kitanda cha Moen na pipa la Solem, ni zile alama peke yake zilizokuwa za Thora kweli.

Nilipaswa kumwita Nyanya. Alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu, akifuta madirisha ya jikoni, na nilimsikia akikohoa. Lakini kichwani nilimwona Britta akicheka. Nilimwona Mwalimu Dahl akitikisa kichwa. Nilimwona Nyanya akiwaambia watu wazima wa kamati ya makumbusho kwamba aliyezifuta ni mjukuu wake.

Karibu na mlango wa mbele huuzwa kadi zenye picha za nyumba, na moja ina picha ya alama zile. Nikaichukua. Nikapata penseli kwenye droo ya meza. Ubao ulipokauka nilichora mistari mitano, nikaandika miaka mitano kwa mwandiko wa kizamani, kisha nikaifikicha kwa kidole ili ififie. Ilipendeza. Nilijichukia, lakini ilipendeza.

Jumamosi wageni walianza kuingia saa nne. Kila kundi lilipofika kwangu nilitaja unga, nikataja viazi, nikaonyesha pipa, kisha nikamaliza: "Na alama hizi ziliandikwa kwa mkono wa mama yake Thora." Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Mara ya tano ulikuwa mwepesi, na hilo lilinikera zaidi. Na mwaka huo, sijui kwa nini, watu walikuwa wanazitazama. Mwanamke mmoja alizipiga picha. Mwanamume mmoja alimwambia binti yake, "Ona, mwandiko halisi wa miaka mia moja iliyopita." Nilitamani kumfukuza.

Saa sita hivi akaingia Bi Gudrun Aasen. Mama yake alikuwa mdogo wake Thora, na yeye mwenyewe alikuwa na miaka tisini na moja. Alitembea kwa fimbo huku mwanawe Leland, mzee wa miaka sitini na kitu, amemshika kiwiko. Bi Gudrun hakunisikiliza hata neno moja. Alikuja moja kwa moja mlangoni, akainama kidogo, akapitisha kidole kwenye mwimo, chini ya mistari yangu yote, usawa wa kiuno changu. Akarudia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ya Nils iko wapi?" aliuliza.

"Nils gani, Mama?" Leland akauliza.

"Kaka mdogo wa Thora na mama yangu. Alama yake ilikuwa hapa. Nikiwa mtoto mama yangu alikishika kidole changu akakiweka juu yake. Kila mwaka nikija huwa naigusa."

Nyanya alikuwa amesikia, akaja. Alitazama mwimo, akatazama kadi ya maelezo ukutani.

"Bi Gudrun, hapa zimekuwa alama tano siku zote, za Thora. Hiyo nyingine hatujawahi kuiandika popote," alisema kwa upole. "Labda ni mlango mwingine?"

"Si mlango mwingine."

"Mama," Leland alisema, naye kwa upole, na upole wao wote ulizidi kunichoma. "Wiki iliyopita ulisahau jiko linawaka. Juzi uliniita kwa jina la baba. Tulishaongea. Jumatatu tunakwenda kuiangalia ile nyumba ya wazee, basi. Kuiangalia tu."

Bi Gudrun alibaki amekiweka kidole chake pale pasipo na kitu. Mkono ulikuwa unatetemeka.

"Basi labda ni kweli," alisema polepole. "Labda kichwa kinaniacha. Kama hata hili nimeliota, sina la kubishana nawe, Leland."

Mimi nilikuwa nimekiona kistari kile. Pale chini, kifupi, kimefifia, nilikiona wakati nasugua na nikadhani ni uchafu. Katika chumba kile kizima ni mimi na yeye tu tuliojua kwamba kilikuwepo, na mmoja wetu alikuwa anaaminishwa kwamba ana wazimu.

"Kilikuwepo," nilisema.

Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena kwa nguvu.

"Kilikuwepo. Bi Gudrun hajakosea. Nilisugua jana nikafuta zote. Hizi tano nimechora mimi, kwa kufuatisha kadi. Ya chini haikuwa kwenye picha, ndiyo maana haipo."

Mgeni mmoja aliacha kupiga picha. Juu kwenye ngazi Britta alikuwa ameinama kutazama. Nyanya alikuwa mwekundu kuanzia shingoni.

"Umechora?" aliuliza. "Ukasimama hapa tangu saa nne ukiwaambia watu ni mkono wa mama yake Thora?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Jana nilikuwa jikoni, Marit. Nilikuwa hapo tu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Nililia, nikasema nilikuwa na hasira juu ya chumba, juu ya Britta, juu ya pipa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yangu yalivyozidi kuonekana ya kitoto. Nyanya aliniacha nimalize. Kisha akaenda kwenye droo akarudi na tochi na kifutio.

"Futa ulichochora," alisema.

Nilifuta. Leland alifunga pazia la dirisha ili pawe giza. Nyanya alilaza tochi ubavuni mwa mwimo ili mwanga utambae juu ya ubao, na hapo sote tukaona. Mama yake Thora alikuwa mtu wa kukandamiza penseli. Weusi wa penseli ulikuwa umekwenda na maji yangu ya magadi, lakini mbao ni laini, na kila mstari ulikuwa umeacha mfereji mdogo. Ilikuwepo mitano, na mistari yangu ya uongo nilikuwa nimeichora juu zaidi kwa upana wa kidole. Chini yake, usawa wa kiuno changu, kulikuwa na kistari kifupi kimoja, na kando yake herufi N na msalaba mdogo.

Bi Gudrun alitoa pumzi ndefu. Akakiweka kidole chake pale, na safari hii kikatulia.

"Alikuwa na miaka mitatu," alisema. "Dondakoo lilimchukua kwa siku nne. Thora alikuwa na miaka minane, akilala kitanda kimoja naye. Nyie mnawaambia wageni alikuwa mwanamke shujaa aliyependa farasi. Thora aliwaogopa farasi maisha yake yote. Alipanda kwa sababu ya huyu."

Hayo hayakuwa katika karatasi yoyote niliyosoma. Leland aliinama, naye akaigusa ile herufi.

"Nisamehe, Mama," alisema.

"Jiko nililisahau kweli," Bi Gudrun akamjibu. "Hilo tutalizungumza. Lakini hili sikulisahau."

Kisha akanigeukia. Nilidhani atanikaripia, na ningeona ni haki.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kusugua ulisugua kwa bahati mbaya, na ungemwita nyanya yako tungewasha tochi jana, yakaisha. Ile penseli ndiyo haikuwa bahati mbaya. Kosa lako ulitaka kulificha wewe, lakini ilibaki kidogo tu nilibebe mimi. Mtu akificha kosa, huwa analiacha barabarani, na hajui ni nani atakayejikwaa. Umesema kweli mbele ya watu, na najua ilivyo ngumu. Siku nyingine usingoje mpaka uone bibi kizee anatetemeka."

"Sitangoja," nilisema.

"Na mimi nina langu," Nyanya aliongeza. "Nilimwambia mkubwa wangu kwamba amekosea kwa sababu kadi ya ukutani haikusema hivyo. Kadi niliandika mwenyewe." Akanipa kalamu. "Utaandika mpya. Weka Nils. Weka na ulichokifanya, na jina lako chini."

"Jina langu? Libaki ukutani?"

"Libaki. Akina Solem tutakuwa tumeleta vitu viwili."

Niliandika kadi ile mara tatu mpaka Nyanya akaridhika nayo. Bado nilikuwa na hasira, lakini safari hii nilijua ni juu ya nani. Nilipokuwa naibandika Britta alishuka.

"Ukitaka tubadilishane chumba kwa saa moja," alisema, akitazama viatu vyake, "sitajali."

Nilikuwa nimekingoja chumba kile miaka mitatu. Nje nilisikia kundi jingine likikung'uta matope kwenye ngazi.

"Hapana," nilimwambia. "Nishikie pazia."

Wageni waliingia, watu sita. Sikutaja unga wala viazi. Niliwasha tochi, nikailaza ubavuni mwa mwimo kama nilivyomwona Nyanya akifanya, nikapiga goti karibu na kiti ambacho Bi Gudrun alikuwa ameletewa.

"Karibuni," nilisema. "Naitwa Marit Solem. Mimi ndiye niliyezifuta alama hizi. Njooni karibu, niwaonyeshe ya Nils kwanza."