Herufi za Misumari

Mambo yaliharibika Jumatatu ya kufungua shule. Fundi viatu aliitwa na mwalimu mkuu. Akamkuta binti yake wa miaka saba, asiyeona tangu kuzaliwa, amesimamishwa nje ya darasa na begi mgongoni.

"Wenzake wanasoma, yeye anasikiliza tu," mwalimu mkuu alisema. "Muhula ukiisha hajui kusoma, utakaa naye nyumbani."

"Nani amemfundisha?"

"Hatuna mwalimu wa breli, maandishi ya nukta ya wasioona, mzee. Chukua karatasi hii, ina picha za herufi zake."

"Kosa lenu, adhabu yake!"

Fundi aliondoka amefura. Wakubwa ndivyo walivyo. Hata marehemu mkewe alikufa akimsubiri daktari aliyesemekana yuko njiani.

Nyumbani alipigilia misumari kwenye mbao, ncha zikatokeza upande wa pili kama nukta za picha zile. Kila herufi ilikuwa na ukubwa wa kiganja.

"Hii nini?"

"Msumari, baba. Na msumari mwingine."

"Herufi, mwanangu! Bonyeza!"

Mtoto akabonyeza. Kidole kikatoka damu. Akaficha mikono kwapani, akalia.

Jirani yao, mama mfuma sweta, naye haoni, ila breli anaijua. Aliingia bila hodi.

"Fundi, unafundisha au unasulubu?" Akapapasa ubao, akacheka. "Hii herufi au kitanda?"

"Nimeikuza aipate vizuri, dada."

"Kidole si jicho. Nukta zote za herufi zinatakiwa zienee chini ya ncha ya kidole. Zikizidi hapo, mtoto anahesabu, hasomi."

Kidonda kilipopona, mama huyo alimpa mtoto vifungo na maharage avitenganishe, vidole vizoee. Kisha akamshika fundi mkono wenye msumari butu, juu ya karatasi nene.

"Usitoboe. Sukuma tu, karatasi ivimbe upande wa pili. Anza kulia, kila herufi uigeuze. Ukipindua karatasi, itasomeka kutoka kushoto. Na wewe binti, mikono miwili, telezesha, usikandamize."

"Sawa, shangazi."

"Na fundi, usifoke. Mkono wenye hofu hukakamaa. Ukikakamaa, hausikii."

Fundi akalegeza mkono. Hilo lilimwingia.

Muhula ulipoisha, baba na binti walisimama ofisini. Mwalimu mkuu alichanganya karatasi za sentensi alizoandika mama mfuma sweta, akachomoa moja.

"Labda amekariri, tuone hii," alisema.

Vidole vikaanza kutembea. Vikasimama. Vikarudi nyuma. Fundi aling'ata ulimi asifoke.

"Ba... bata..." Vidole vikateleza mbele. "Bata amelala."

Mwalimu mkuu alilinganisha herufi moja moja na nakala yake ya picha zile. Alichukua muda mrefu, akakohoa.

"Ndivyo. Atabaki."

Fundi alichukua begi la binti, tayari kuondoka. Lakini binti bado alikuwa amenyoosha mikono mezani, akipapasa huku na huku.

"Mwalimu, wenzangu wana vitabu. Changu kiko wapi?"